Nani Hulipia Ujumbe wa Bure?

Zamani, aliyetaka kusema jambo na mtu wa mbali ndiye aliyebeba mzigo wote. Alitafuta karatasi na bahasha, akanunua stempu, akaipeleka barua posta, kisha akakaa majuma kadhaa akisubiri jibu. Mwenye haraka alipeleka simu ya maandishi, ambayo ilitozwa kwa idadi ya maneno, na ndiyo sababu ujumbe wake ulikuwa mfupi kiasi cha kumshtua aliyeupokea: baba mgonjwa njoo upesi. Mpokeaji hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kufungua na kusoma. Kwa kuwa kutuma kulikuwa na gharama, mtu alijiuliza kwanza kama jambo lenyewe lina uzito wa kutosha, na kilichomfikia msomaji kilikuwa kimeshachujwa na mfuko wa mwandishi.

Tunapojadili namna intaneti ilivyobadili maisha, wengi wetu husifu wingi wa maarifa au hulaumu vijana kwa kuinamia simu. Mimi naona badiliko kubwa kuliko yote limetokea mahali ambapo hatupatazami sana. Gharama ya kutuma ujumbe imeshuka hadi kukaribia sifuri, na ile kazi ambayo mtumaji alikuwa akiifanya imemwangukia mpokeaji, ambaye sasa huilipia kwa muda wake, kwa umakini wake, na wakati mwingine kwa fedha zake. Najua fika kwamba bando si la bure, na kuna siku huisha katikati ya sentensi. Hata hivyo bando haliulizi umeandika maneno mangapi, wala kama unamwandikia jirani au mtu aliye bara jingine, wala kama unamwandikia mmoja au mia mbili.

Kushuka huko kulianza na uamuzi wa kiufundi. Mtandao wa simu wa zamani ulitenga njia nzima kwa ajili ya watu wawili wanaozungumza. Hata walipokaa kimya, hakuna mwingine aliyeweza kuitumia, na kadiri walivyokuwa mbali ndivyo malipo yalivyopanda. Katika miaka ya 1960, Paul Baran nchini Marekani na Donald Davies nchini Uingereza, kila mmoja akifanya kazi bila mwenzake, walifikia wazo lilelile la kuukatakata ujumbe katika vipande vidogo ambavyo Davies aliviita pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya inakokwenda, hupita njia yoyote iliyo wazi, kisha huunganishwa na wenzake mwisho wa safari. Kwa mpango huo njia moja huweza kutumiwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja bila yeyote kumsubiri mwenziwe amalize kuzungumza.

Jaribio la kwanza la ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani uliotangulia intaneti, lilifanyika tarehe 29 Oktoba 1969, kati ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles na ile ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Zilifika herufi mbili tu, L na O, kisha mfumo ukazima. Mwaka 1971 Ray Tomlinson alituma barua pepe kati ya kompyuta mbili na kuchagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao huo ulihamia kwenye TCP/IP, kanuni za jinsi kompyuta zinavyopelekeana pakiti, ambazo tunazitumia hadi leo. Lakini tarehe ambayo kwangu mimi ina uzito kuliko hizo ni 30 Aprili 1993, siku ambayo CERN, kituo cha utafiti ambako Tim Berners-Lee alibuni Wavuti, yaani mfumo wa kurasa tunazozifungua mtandaoni, kilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia teknolojia hiyo bila kulipa ada. Wangeamua kutoza hata kiasi kidogo kwa kila ukurasa, maisha yetu ya leo yangekuwa tofauti kabisa, na pengine makala hii ingekuwa na wasomaji wawili.

Waya zenyewe si za bure. Sehemu kubwa mno ya mawasiliano kati ya mabara haipiti kwenye satelaiti kama wengi wanavyodhani, bali hupita kwenye nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari, ambazo hutandazwa na meli maalumu na kukatika mara kwa mara kwa sababu ya nanga na nyavu za wavuvi. Ni gharama kubwa, lakini hugawanywa kwa watu wengi kiasi kwamba fungu la ujumbe mmoja halihesabiki.

Wa kwanza kufaidika na hali hiyo ni wale ambao zamani hawakuweza kabisa kutuma. Hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu wakosoaji wa intaneti, hasa sisi tunaoandika tukiwa tumekaa vizuri, huwasahau. Mfikirie kiziwi. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876, na kwa zaidi ya miaka mia moja chombo hicho, ambacho dunia nzima ilikisifu kwa kuunganisha watu, kilikuwa kinamtenga yeye. Kila ofisi iliyohamishia shughuli zake kwenye simu ilimfungia mlango mwingine. Nina mfanyakazi mwenzangu ambaye hasikii, na kila wakati wa mapumziko huiegemeza simu yake kwenye chupa ya maji, husogeza kiti nyuma kidogo ili mabega na mikono yote miwili ionekane kwenye kioo, kisha huzungumza na dada yake aliye nchi nyingine kwa lugha ya alama. Wanacheka, wanabishana, wanakatizana. Siku moja picha iliganda na mkono wa dada yake ukabaki hewani katikati ya neno, naye akanigeukia na kuniigizia mkono ule ulioganda hadi tukacheka sote. Mazungumzo ya namna hiyo hayakuwezekana kwa barua, wala kwa simu ya mezani, wala kwa arafa.

Yupo pia asiyeona ambaye programu ya kusoma skrini humsomea gazeti siku lilipotoka, badala ya kungoja mtu mwenye nafasi na moyo wa kumsomea. Yupo mgonjwa wa ugonjwa adimu ambaye daktari wake hajapata kuona mgonjwa mwingine kama yeye, lakini usiku mmoja hukuta watu arobaini wenye dalili zilezile, waliokwisha kujifunza dawa ipi huleta kizunguzungu na ni heri kuimeza saa ngapi. Ipo Wikipedia, iliyoanza tarehe 15 Januari 2001 na kupata toleo la Kiswahili mwaka 2003, ambayo huandikwa na kusahihishwa na watu wasiolipwa chochote. Kamusi elezo zilizochapishwa zilikuwa fahari ya nyumba zilizoweza kuzinunua. Wengine tulizitazama kabatini tu. Wote hawa walizuiwa na gharama ya kutuma na kupata, na gharama hiyo ilipoanguka, kizuizi kilianguka nayo.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa wasio na uwezo wa kutuma ulifunguliwa pia kwa wasio na sababu ya kutuma. Haikuchukua muda. Mnamo Mei 1978, intaneti ya leo ikiwa bado haijazaliwa, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation alituma tangazo moja la biashara kwa karibu watu 400 waliokuwa kwenye ARPANET. Alilaumiwa sana, na hesabu aliyoifanya ndiyo hesabu ya kila barua taka mpaka leo: kumfikia mtu wa mia nne hakukumgharimu zaidi ya kumfikia wa kwanza. Tapeli wa mtandaoni hufuata hesabu hiyohiyo. Angelazimika kununua stempu kwa kila anayemwambia ameshinda bahati nasibu, angefilisika kabla ya kumpata mjinga wake wa kwanza. Kwa kuwa halipi, anaweza kuwaandikia watu milioni moja na kutosheka na wachache watakaojibu, huku wengine wote wakibaki na kazi ya kufuta, kutilia shaka, na kuwaonya wazazi wao.

Nitaeleza kidogo jinsi kazi hiyo inavyofanyika nyumbani. Asubuhi moja kundi la familia yetu lilipokea kutoka kwa mjomba ujumbe kuhusu mchanganyiko wa mizizi unaoponya shinikizo la damu ndani ya siku saba. Ulikuwa na daktari bingwa asiye na jina, alama za hatari mwishoni mwa kila mstari, na agizo kwamba usiukalie, uwatumie watu kumi. Juu yake palikuwa na mishale miwili midogo inayoonyesha kwamba umeshasambazwa mara nyingi. Mjomba alikuwa ametumia sekunde chache kuutuma, tena kwa nia njema. Binamu yangu, ambaye ni muuguzi, alitumia muda wake wote wa chakula cha mchana kutafuta maneno ya kumjibu bila kumvunjia heshima mbele ya watoto wake. Alianza na shikamoo, akamshukuru kwa kutujali, akaeleza kwamba dawa za presha hazikatizwi ghafla, akaongeza kwamba mizizi mingine hudhuru figo, akafuta sentensi ya mwisho kwa kuwa ilisikika kama karipio, akaiandika upya. Alipotuma, shangazi, ambaye ndiye mwenye presha, aliuliza: "Kwa hiyo, wanangu, ninywe au nisinywe?" Mjomba naye alijibu kwa kidole gumba, na jioni akatuma ujumbe mwingine kuhusu mafuta ya kutibu macho.

Mwaka 2018 watafiti Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017. Waligundua kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 70, wa kusambazwa tena kuliko za kweli, na kwamba waliozisambaza kwa kasi hiyo walikuwa watu, wala kosa halikuwa la programu zinazojiendesha. Sishangai. Uongo hubuniwa mezani kwa dakika moja, na huweza kukatwa na kushonwa mpaka upendeze. Ukweli unadai mtu aende, aulize, angoje, arudi. Pale ambapo kutuma ni bure na kuthibitisha ni kazi, anayethibitisha atachelewa daima.

Ushahidi unaonishawishi kwamba tatizo liko kwenye gharama kuliko kwenye tabia ya watu ulitokea mwaka 2020. WhatsApp ilikuwa imeshaweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja, na mwezi Aprili mwaka huo iliamua kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa sana uweze kutumwa kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Hakuna aliyekatazwa kusema chochote, wala aliyefundishwa kutambua uongo. Aliyetaka kuusambaza kwa makundi ishirini aliruhusiwa, ila ilibidi arudie kitendo hicho mara ishirini. Muda mfupi baadaye kampuni ilieleza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Usumbufu mdogo wa kidole ulifanya kazi ambayo semina nyingi hazijaiweza. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1997 Adam Back alipendekeza Hashcash, mpango wa kuilazimisha kompyuta ya mtumaji ipige hesabu ngumu kidogo kabla ya barua pepe kuondoka, ili anayeandika barua moja asihisi kitu na anayeandika milioni ashindwe. Barua pepe haikuukubali mpango huo, lakini ulikuja kutumika kwenye sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, ambako kompyuta hupiga hesabu hizo mchana na usiku kwa lengo tofauti kabisa.

Kuna upande mwingine wa kuhama huku ambao haupimiki kwa asilimia. Novemba 2014 WhatsApp ilianza kuonyesha tiki mbili za bluu, na tangu hapo ukimya ukawa na maana ambayo zamani haukuwa nayo. Barua ambayo haikujibiwa ilikuwa na visingizio vingi vya heshima: huenda imepotea, huenda bado iko njiani. Ujumbe wenye tiki za bluu hauna kisingizio, na aliyeusoma huwa ameshaingia deni asilolikopa. Nina rafiki aliyefiwa na mama yake. Jioni ya siku ya mazishi, wageni walipopungua, nilimkuta amekaa pembeni na simu yake akijibu rambirambi moja baada ya nyingine: asante sana, asante kwa kunifariji, Mungu akubariki. Zilikuwa zaidi ya mia mbili, nyingi kati yake neno moja na picha ya mikono iliyounganishwa. Nilimwambia aziache. Akasema kwamba wapo watakaoona amesoma na hakujibu. Mfiwa, mtu pekee ambaye kila desturi inamwondolea kazi, ndiye aliyekuwa na kazi kubwa kuliko wote jioni ile. Sisemi kwamba wale walioandika hawakuwa na huruma. Nasema kwamba huruma isiyomgharimu mtumaji chochote, ikizidishwa mara mia mbili, humgharimu mpokeaji usiku mzima. Lakini pia kaka yake, ambaye alikosa njia ya kusafiri, aliyaona mazishi kwenye simu iliyoshikwa juu na mpwa wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hilo nisingethubutu kulipuuza mbele ya yeyote kati yao.

Ofisi nazo zimejifunza kuhamisha gharama, na kwa ustadi zaidi. Kazi ya kujaza fomu, kuhakiki tarehe, na kuambatisha vyeti ilikuwa ya karani. Sasa ni ya mwombaji, ambaye huifanya nyumbani kwa bando lake, na tovuti ikigoma huambiwa ajaribu baadaye. Kwa kijana mwenye simu janja ni nafuu ya kweli, kwani hapotezi siku nzima kwenye foleni. Kwa mzee ambaye vidole vyake haviwahi kuandika nambari ya uthibitisho kabla haijaisha muda, ni kuanza kumtegemea mjukuu katika mambo ambayo alikuwa akiyafanya mwenyewe, pamoja na kumpa nywila yake. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 5.5 walitumia intaneti na bilioni 2.6 hawakuitumia. Hawa wa pili hawako palepale walipokuwa kabla ya mtandao. Wamerudi nyuma, kwa sababu dirisha walilokuwa wakihudumiwa limefungwa.

Kuhusu kampuni zinazotuhudumia bila kututoza, yamesemwa mengi na sina haja ya kuyarudia yote. Mwaka 1971, kabla ya hizo zote, mwanauchumi Herbert Simon alieleza kwamba habari hula umakini wa wanaozipokea, hivyo penye wingi wa habari patakuwa na uhaba wa umakini. Kitu chenye uhaba huuzwa. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao kila ukifika chini huongezeka wenyewe, na baadaye alijutia hadharani matumizi yake. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho, na hapo msomaji aliliweka chini. Kuamua mahali pa kuishia ni kazi nyingine ndogo ambayo amekabidhiwa mtu aliyechoka, saa tano za usiku, akiwa peke yake dhidi ya wahandisi wanaolipwa ili asiache.

Hata hivyo, hadi juzi kulikuwa na gharama moja iliyosalia kwa mtumaji, nayo ni ya kutunga. Anayetaka kuandika barua ndefu ya kuomba radhi, au malalamiko yenye hoja, au maombi ya kazi, ilimbidi akae na kufikiri, na msomaji aliweza kuona dalili za kufikiri huko katika maneno yenyewe. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, gharama hiyo nayo imeanza kuyeyuka. Akili unde huandika barua ya kurasa tatu kwa agizo la mstari mmoja. Nimeshapokea kazini barua pepe ndefu, fasaha, yenye salamu kamilifu, ambayo baada ya kuisoma mara mbili niligundua ilikuwa inauliza kikao ni saa ngapi. Nao wapokeaji wameanza kujihami kwa chombo hichohicho, wakiiagiza mashine ifupishe kile ambacho mashine nyingine ilikirefusha, kiasi kwamba barua huweza kutoka kwa mtu hadi kwa mtu bila yeyote kati yao kuwa ameiandika wala kuisoma.

Hapa ndipo ninapoona mambo yakianza kugeuka, kwani wapokeaji wameanza kuomba ithibati ya gharama. Waajiri wengine wamerudi kwenye usaili wa ana kwa ana, na walimu wengine kwenye mtihani wa kalamu na karatasi. Binamu yangu muuguzi amejitoa kwenye makundi yote isipokuwa la zamu za kazini, na mwenye swali la afya anamtaka ampigie simu. Mjomba alilalamika kwamba anaringa, kisha akampigia. Walizungumza karibu nusu saa, na swali lenyewe lilikuwa kuhusu goti lake ambalo limemsumbua tangu mwaka jana, na ambalo hakuwahi kulitaja katika ujumbe wowote.